Kuchezesha Vikaragosi ndani ya Injini ya Gemu: Mkono Kwanza, Picha Baadaye

Neno kikaragosi lilitufikia kutoka Karagöz, mhusika wa mchezo wa vivuli wa Kituruki ambaye umbo lake la ngozi huchezeshwa kwa vijiti nyuma ya pazia lenye taa. Mchezeshaji wa pazia hilo hana nafasi ya kusahihisha: akichelewesha mkono, watazamaji wamekwisha kuona, na onyesho likimalizika halibaki popote isipokuwa katika kumbukumbu zao. Anayechora katuni fremu kwa fremu yuko upande wa pili kabisa, kwa kuwa anaweza kusahihisha kila kitu, lakini sekunde moja ya mwendo humgharimu siku nzima na mara nyingi humnyima uhai unaotokana na mkono wa mtu anayeigiza papo hapo. Injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, inaziba pengo hilo. Humwezesha mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida na pedi ya gemu kuigiza kwa mkono wake, kisha kuutunza uigizaji huo na kuupiga picha mara nyingi kadiri anavyotaka.

Nimechagua kueleza njia hii kwa kutumia Godot, toleo la 4, kwa sababu hutolewa bure chini ya leseni ya MIT, huja kama faili moja isiyohitaji kusakinishwa, na hukubali kufanya kazi katika kompyuta mpakato za zamani iwapo utachagua mfumo wa uchoraji unaoitwa Compatibility unapoanzisha mradi. Mfano nitakaoutumia ni filamu fupi ya Sungura na Fisi yenye dakika tatu hivi, vikaragosi viwili bapa vya pande mbili vilivyokatwa vipande vipande kama vile vya karatasi. Ninachukulia kwamba msomaji amewahi kufungua Godot na anajua nodi ni nini, hata kama hajawahi kuandika skripti ndefu.

Uigizaji na picha ni vitu viwili

Jambo moja lazima lieleweke kabla ya kugusa pedi, maana wanaolikosa hupoteza wiki nzima. Usirekodi skrini wakati unachezesha. Rekodi mwendo wenyewe, yaani tarakimu zinazosema kichwa kiliinama kwa nyuzi ngapi katika sekunde gani, halafu uiache kompyuta itengeneze picha baadaye bila haraka.

Wazo hili si geni. Mwaka 1989 timu ya mchezeshaji vikaragosi Jim Henson ilionyesha katika televisheni ya Marekani kikaragosi cha kompyuta kilichoitwa Waldo C. Graphic. Mchezeshaji alivaa mkononi kifaa kilichofuata mwendo wake, akaona kwenye skrini umbo hafifu tu la Waldo likiigiza pamoja na vikaragosi vya kitambaa, na mienendo hiyo ilipokwisha kuhifadhiwa, kampuni ya Pacific Data Images ilitengeneza picha kamili kutokana nayo. Mwaka 1996 wachezaji wa gemu ya Quake waliofanya kundi lililoitwa The Rangers walitumia faili za marudio ya mchezo huo kusimulia kisa kifupi. Faili hizo hazikuwa na picha hata moja ndani yake. Zilihifadhi mienendo, na Quake ya mtazamaji ndiyo iliyochora upya kila kitu.

Mimi nilianza kwa njia ya mkato. Nilifungua programu ya kurekodi skrini, nikachezesha, nikadhani nimemaliza. Kompyuta ilipolemewa, baadhi ya fremu zilirukwa, na kufikia dakika ya pili mdomo wa Sungura ulikuwa umeachana na sauti yake. Zaidi ya hayo, nilipotaka kumsogeza Fisi kidogo kushoto, sikuwa na la kufanya ila kuigiza upya onyesho zima.

Sauti hutangulia

Rekodi sauti za wahusika wote kabla ya kuchora chochote. Simu nzuri ndani ya kabati la nguo au chini ya blanketi hutoa sauti safi kuliko maikrofoni ya bei kubwa katika chumba chenye kuta tupu. Hifadhi kwa muundo wa WAV, usafishe na kupanga mazungumzo kwa Audacity, na kila onyesho liwe faili moja yenye ukimya wote unaohitajika kati ya kauli na kauli. Ukimya huo ni muhimu: kusita kwa Fisi kabla ya kujibu ni uigizaji wake, nawe utalazimika kuuchezesha.

Baada ya hapo sikiliza faili hiyo mpaka uikariri. Mchezeshaji anayefuata sauti kwa kuisikia kwa mara ya kwanza atachelewa daima, ilhali aliyeikariri huujua mwanzo wa kila neno kabla halijatoka.

Kukata na kuunga kikaragosi

Chora kila kiungo katika tabaka lake kwa Krita au Inkscape, kisha ukitoe kama picha ya PNG yenye mandharinyuma angavu, yaani inayoonyesha kilicho nyuma yake. Kwa Sungura utahitaji kiwiliwili, kichwa, masikio mawili, mboni, kope, nyusi, mikono ya juu, mikono ya chini, viganja na picha saba za mdomo. Ncha za viungo zichorwe kwa umbo la duara na zipite kidogo chini ya kiungo jirani, la sivyo kiwiko kikikunjwa patatokea pengo. Chora kwa ukubwa mara mbili ya ule utakaoonekana, kwani kamera ikisogea karibu, picha ndogo hufifia.

Godot ina nodi za mifupa, Skeleton2D na Bone2D, zinazoweza kupinda picha kama mpira. Kwa filamu ya kwanza nakushauri uziache. Panga viungo kwa uzazi tu: kiganja kiwe mtoto wa mkono wa chini, mkono wa chini uwe mtoto wa mkono wa juu, nao uwe mtoto wa kiwiliwili. Ukizungusha bega, vyote vilivyo chini yake hufuata. Sogeza kila picha ili kitovu cha mzunguko wa nodi yake kiangukie kwenye kiungo chenyewe, yaani begani au shingoni, na utumie z_index kuamua kipi kipite mbele ya kipi. Umbo gumu la karatasi lina haiba yake, na makosa yake ni rahisi kuyaona.

Mdomo unaosema Kiswahili

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa miongozo mingi ya kulinganisha midomo na sauti imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza na huwapotosha wasanii wetu bila sababu. Kiingereza kina irabu nyingi na konsonanti zinazorundikana mwishoni mwa silabi, kwa hiyo michoro yake ya midomo huwa mingi na yenye utata. Kiswahili kina irabu tano, na karibu kila silabi yake huishia kwa irabu. Maumbo saba ya mdomo yanatosha: mdomo uliofungwa, a, e, i, o, u, na umbo la meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwa ajili ya f na v. Sauti kama t, k, l, n na s hutamkwa ndani ya kinywa, hivyo mtazamaji hazioni. Anachokiona ni irabu inayozifuata.

Watu wengi huufungua mdomo wa kikaragosi kwa kufuata ukubwa wa sauti, yaani sauti ikipanda mdomo unapanuka. Njia hiyo ni rahisi kuitengeneza, lakini humfanya kila mhusika aonekane kama bata. Irabu u inaweza kutamkwa kwa nguvu nyingi huku midomo ikiwa imekusanywa, na mtu akipiga kelele za "uuu!" huku kinywa chake kiko wazi kama pango, jicho hukataa.

Njia ninayoipendekeza ni kuufanya mdomo uchezwe na kijiti cha kulia cha pedi. Kijiti kikiachwa hurudi katikati chenyewe, na katikati ndipo mdomo unapofungwa. Gawanya duara lililobaki katika pande sita zilizo sawa, nyuzi 60 kila upande. Chini kabisa ni a. Kulia chini ni e, na kulia juu ni i, kwa kuwa ndizo irabu zinazotandaza midomo. Kushoto chini ni o, na kushoto juu ni u, ambazo huiviringa. Juu kabisa ni f na v. Ukikizungusha kijiti kutoka kulia juu kupitia chini hadi kushoto juu utapata i, e, a, o, u, mpangilio uleule ambao wanafonetiki huupa umbo la pembe tatu, na kidole gumba huuzoea kwa haraka ya kushangaza.

Anza mazoezi kwa maneno ambayo msimulizi yeyote anayajua: Paukwa! Pakawa! Kwa neno la kwanza, kijiti kiko katikati kwa ajili ya p, kinashuka kwa a, kinapanda kushoto kwa u, kisha kinashuka tena kwa kwa. Mviringo wa w umekwisha kupatikana kutokana na u iliyotangulia, kwa hiyo hauhitaji mwendo wake. Katika pakawa kijiti hukaa chini tangu pa hadi ka, kikigusa kushoto juu kwa mpapaso tu kabla ya wa. Jaribu pia mtu na mbwa. M ya mwanzoni mwa maneno hayo ni silabi kamili, hivyo usiikimbilie: achia kijiti, uhesabu pigo moja zima mdomo ukiwa umefungwa, ndipo uende kwenye irabu. Wasanii wanaotumia programu za kulinganisha midomo zilizofunzwa kwa Kiingereza huikosa m hii kila mara, na ndiyo sababu vikaragosi vyao huonekana vinasema "tu" badala ya "mtu".

Mazungumzo yakienda kasi, usijaribu kuifukuza kila silabi. Piga barabara mifungo ya m, b na p, na upige irabu ya silabi yenye mkazo, ambayo kwa kawaida ni ya pili kutoka mwisho. Hizo mbili zikikaa mahali pake, jicho la mtazamaji hujaza yaliyobaki. Mkazo huohuo ndio utakaoongoza kichwa: mtu anaposema "Sitaki kabisa!" kichwa chake hupiga kwenye bi, wala si kwenye sa.

Katika Godot, weka picha saba za mdomo katika safu moja, uiwekee nodi ya Sprite2D thamani ya hframes, yaani idadi ya picha katika safu hiyo, kuwa 7, na uache skripti ibadilishe frame kulingana na upande wa kijiti. Kijiti husomwa kwa Input.get_joy_axis, ambayo hutoa namba kati ya -1 na 1. Kwa kuwa vijiti vilivyotumika sana huwa havirudi katikati barabara, hesabu mwendo wowote ulio chini ya 0.3 kuwa ni mdomo uliofungwa. Kumbuka pia kwamba kijiti kikivutwa chini namba ya mhimili wa wima huwa chanya, kinyume na tulivyofundishwa katika hisabati.

Uzito wa mkono

Kijiti cha kushoto hubeba kichwa: kulia na kushoto huinamisha, juu na chini hukisogeza mbele au nyuma. Vitufe vya kubonyeza nyuma ya pedi, ambavyo hutoa namba kati ya 0 na 1, vinafaa kwa kope na nyusi. Lakini ukiunganisha kijiti na kichwa moja kwa moja, kichwa kitatetemeka kama cha mtu mwenye homa, kwa maana kidole gumba hakina utulivu wa shingo. Tumia lerp, amri ya Godot ya kutafuta thamani iliyo kati ya mbili, ili katika kila hatua kichwa kisogee sehemu tu ya umbali uliobaki kufikia pale kijiti kinapoelekeza.

Namba utakayoichagua hapo ndiyo tabia ya mhusika. Sungura wangu husogea kwa 0.4 ya umbali uliobaki, na kwa hiyo hugeuka ghafla, kama aliyesikia kijiti kikivunjika porini. Fisi hutumia 0.1, na kichwa chake hufika kikiwa kimechelewa, kizito, kana kwamba bado anatafakari alichoambiwa. Nilitumia jioni nzima kurekebisha namba hizo mbili, na sijawahi kuitumia jioni vizuri zaidi.

Kunasa mwendo

Katika mipangilio ya mradi, weka hatua za fizikia kuwa 50 kwa sekunde, ikiwa filamu yako itakuwa ya fremu 25 kwa sekunde, kiwango kilichozoeleka katika televisheni za Afrika Mashariki. Kwa njia hiyo utakuwa na vipimo viwili kwa kila fremu. Kisha skripti ifuatayo, iliyopunguzwa hadi kwenye kiini chake, hunasa kichwa na mdomo wakati sauti inapolia:

```
extends Node

@export var sauti: AudioStreamPlayer
@export var kichwa: Node2D
@export var mdomo: Sprite2D

var rekodi := Animation.new()
var njia_kichwa: int
var njia_mdomo: int

func _ready():
    njia_kichwa = rekodi.add_track(Animation.TYPE_VALUE)
    rekodi.track_set_path(njia_kichwa, "Kichwa:rotation")
    njia_mdomo = rekodi.add_track(Animation.TYPE_VALUE)
    rekodi.track_set_path(njia_mdomo, "Kichwa/Mdomo:frame")
    rekodi.value_track_set_update_mode(njia_mdomo, Animation.UPDATE_DISCRETE)
    sauti.finished.connect(hifadhi)

func _physics_process(_delta):
    if not sauti.playing:
        return
    var saa := sauti.get_playback_position()
    saa += AudioServer.get_time_since_last_mix()
    saa -= AudioServer.get_output_latency()
    saa = maxf(saa, 0.0)
    rekodi.track_insert_key(njia_kichwa, saa, kichwa.rotation)
    rekodi.track_insert_key(njia_mdomo, saa, mdomo.frame)

func hifadhi():
    rekodi.length = sauti.stream.get_length()
    ResourceSaver.save(rekodi, "user://onyesho03_sungura_07.res")
```

Angalia mistari mitatu inayotafuta saa. Hatuhesabu muda kwa saa ya kompyuta bali tunaiuliza sauti yenyewe imefika wapi, kwa sababu sauti hupelekwa kwenye spika kwa mafungu, na mchezeshaji huitikia kile anachokisikia, si kile ambacho kompyuta imeanza kukituma. Mstari wa UPDATE_DISCRETE nao ni wa lazima: bila huo, Godot itajaribu kupita katikati ya picha ya 1 na picha ya 5, na mdomo utaonyesha irabu ambazo hazikusemwa. Njia kama "Kichwa:rotation" husomwa kuanzia nodi ambayo AnimationPlayer, yaani nodi inayochezesha rekodi, itaitegemea, kwa hiyo majina ya nodi yakibadilishwa baada ya kunasa, jaribio halitachezeka.

Ukitazama majaribio yako na kuona midomo inachelewa daima kwa kiasi kilekile, usijilaumu. Punguza sekunde 0.08, yaani fremu mbili, katika hesabu ya saa kabla ya mstari wa maxf, na unase tena. Midomo inayotangulia sauti kwa fremu moja huonekana sahihi kuliko inayochelewa kwa fremu moja.

Usijaribu kuchezesha kila kitu kwa mpigo mmoja. Nasa mdomo peke yake mpaka uridhike. Kisha cheza rekodi ya mdomo huku ukinasa kichwa na macho, halafu cheza vyote huku ukinasa mikono. Kila kundi la viungo liwe na AnimationPlayer yake, kwa kuwa AnimationPlayer moja haichezi rekodi mbili kwa pamoja, nayo AnimationPlayer kuu iziamrishe zote kupitia njia (track) ya aina ya Animation Playback. Sauti nayo iwekwe katika AnimationPlayer kuu, kwenye njia ya sauti.

Ukimaliza Sungura, mgeukie Fisi, na hapa mbinu hii inatoa zawadi ambayo mchoraji wa fremu kwa fremu huipata kwa taabu. Unamchezesha Fisi huku Sungura uliyemchezesha jana anaongea mbele yako, na unamsikiliza. Nasa ukimya wa Fisi kwa uangalifu uleule wa maneno yake. Mboni zake zifuate nukta isiyoonekana ambayo unaisogeza kwa kipanya, ili macho yatangulie kichwa kugeuka. Mtu husikia, hutazama, ndipo hugeuza shingo. Kama una ndugu au rafiki aliye karibu, mpe kipanya ashike macho wakati wewe umeshika pedi. Wachezeshaji wa Bunraku, vikaragosi vya jadi vya Japani, hukichezesha kikaragosi kimoja watu watatu, na hakuna anayewaona kuwa wavivu.

Kupepesa macho, kutikisika kwa masikio, na kila jambo ambalo umeiachia kompyuta iliamue kwa bahati nasibu, lazima vinaswe pia. Vinginevyo kila utakapotoa picha upya utapata filamu tofauti kidogo, na kupepesa kulikoangukia vizuri juu ya neno "uongo" hakutarudi tena.

Kamera na taa

Sasa uigizaji umetulia katika faili ndogo, na unaweza kuwa mpigapicha. Weka Camera2D, nasa au panga mwendo wake katika AnimationPlayer nyingine, na utazame onyesho lilelile kwa mbali, kisha kwa karibu. CanvasModulate hugeuza mchana kuwa usiku kwa rangi moja ya samawati iliyokoza. PointLight2D iliyowekwa chini ya mti huwa kandili. LightOccluder2D iliyochorwa kuzunguka kiwiliwili cha Fisi hutupa kivuli chake mbele ya Sungura kabla Fisi mwenyewe hajaingia. Katika filamu ya kawaida uamuzi kama huo hufanywa kabla ya kupiga picha. Hapa nimeufanya wiki mbili baadaye, bila kugusa uigizaji hata kidogo.

Onyo ni moja: usiisogeze kamera kwa sababu tu inasogezeka. Vikaragosi bapa huvumilia kamera tulivu kuliko kamera inayozungukazunguka, na mkato mmoja kwenye silabi yenye mkazo hufanya kazi kuliko safari tano za kamera.

Kutoa filamu

Godot 4 ina hali maalumu iitwayo Movie Maker, inayowashwa kwa kitufe chenye alama ya filamu upande wa juu kulia wa kihariri. Ikiwashwa, injini huacha kufuata muda halisi. Huchora fremu moja, ikaihifadhi, ndipo ikaendelea na inayofuata, hata kama kila moja itachukua sekunde nzima, na sauti huandikwa sambamba nazo. Hiyo ndiyo sababu ya kunasa mwendo mapema: katika hali hii muda haufanani tena na muda wa mkono wako, kwa hiyo pedi haina kazi.

Katika mipangilio ya mradi, sehemu ya Movie Writer, andika mahali pa kuhifadhi na uweke fremu 25 kwa sekunde, kwa kuwa thamani inayokuja nayo ni 60. Ukubwa wa dirisha uwe 1920 kwa 1080. Katika AnimationPlayer kuu washa chaguo la Movie Quit On Finish, ili programu ijifunge yenyewe onyesho linapomalizika. Ukitaja faili yenye kiambishi cha .avi utapata video moja iliyobanwa kwa MJPEG, ambayo haiwezi kuzidi gigabaiti 4; ukitaja .png utapata picha moja kwa kila fremu pamoja na faili ya WAV. Mimi huchagua PNG. Dakika tatu ni picha 4,500, na kila moja ikiwa na megabaiti 1.5 zinahitaji karibu gigabaiti 7 za nafasi, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, picha zilizokwisha kuandikwa hubaki salama, ilhali AVI ambayo haikufungwa vizuri huenda isifunguke tena.

Mwishoni picha hizo huunganishwa na sauti kwa FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika:

```
ffmpeg -framerate 25 -i onyesho%08d.png -i onyesho.wav -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 18 -c:a aac sungura.mp4
```

Sehemu ya yuv420p isiachwe, kwa sababu simu nyingi hukataa kuonyesha video isiyo na muundo huo wa rangi. Itazame filamu katika simu ya bei nafuu, kwa spika yake yenyewe, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Ndiko itakakotazamwa, na ndiko onyesho la usiku linapogundulika kuwa jeusi tii.

Kwa wenye mashine kubwa zaidi

Anayemiliki kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu anaweza kufuata mwenendo huohuo katika Unreal Engine. Take Recorder hunasa mwendo, Sequencer huupanga pamoja na kamera, Movie Render Queue hutoa picha, na programu ya Live Link Face katika iPhone husoma uso wa mwigizaji kupitia maumbo 52 ya uso ya ARKit, mfumo wa Apple. Maumbo hayo husaidia sana vikaragosi vya pande tatu vyenye sura za watu. Kwa Sungura wa karatasi ni mengi mno, na bado utahitaji kuisahihisha m ya mtu kwa mkono. Tangu 2024 kampuni zisizotengeneza gemu na zenye mapato ya zaidi ya dola 1,000,000 kwa mwaka hutakiwa kulipa dola 1,850 za mwaka kwa kila mtumiaji wa Unreal. Msanii binafsi aliye chini ya kiwango hicho halipi. Unity nayo ina Timeline na Cinemachine kwa kazi hiyohiyo.

Kuhusu kuhifadhi, majaribio yote, hata mabaya, yabaki na namba zake, maana mara nyingi mdomo bora utakuwa katika jaribio la 7 na kichwa bora katika la 3, na kwa kuwa ni rekodi mbalimbali unaweza kuviunganisha. Weka ndani ya folda ya mradi nakala ya toleo lilelile la Godot ulilolitumia, kwani ni faili moja tu, na mradi uliofunguliwa kwa toleo jipya mwaka mmoja baadaye unaweza kubadilika kwa namna ambazo hutazitambua mpaka utakapotoa picha zote upya.